Vikope, Ndege na Wauguzi Wetu: Historia ya Upasuaji wa Macho Mvumi na Kongwa



Katika vikao vyetu vya mwaka huu swali moja limerudi tena na tena. Fedha za afya tutakazochanga zitumike kualika timu ya madaktari bingwa waje kufanya kambi ya macho ya wiki moja, au ziende kwa wauguzi na matabibu walioko huko huko vijijini? Kila upande una watu wenye hoja nzuri, na wengine wameanza kununiana. Kabla ya kuamua, kamati imeniomba nieleze jinsi mambo haya yalivyokwenda huko nyuma, maana si mara ya kwanza wageni wenye ujuzi kuja Ugogo kutibu macho, wala si mara ya kwanza wageni hao kuondoka.

Tuanze na ugonjwa wenyewe. Trakoma, ambayo wengi nyumbani huiita vikope, huletwa na kidudu kiitwacho Chlamydia trachomatis. Huenea kwa mikono, kwa kanga moja inayofuta nyuso za watoto watano, na kwa nzi wanaotua kwenye tongotongo. Mtoto huambukizwa, hupona, huambukizwa tena. Kila mara jicho linapowaka, upande wa ndani wa kope hubaki na kovu. Makovu yakirundikana kwa miaka mingi, kope ya juu hujikunja kuelekea ndani na nywele zake huanza kukwaruza kioo cha jicho kila mtu anapopepesa. Kioo kikishachubuka na kuweka ukungu mweupe, hakuna operesheni ya zahanati itakayorudisha kuona. Ndiyo maana kazi yote iko kwenye kuwahi.

Wanaoumia zaidi ni wanawake, kwa sababu wao ndio wanaoishi na watoto kutwa kucha. Wengi wetu tuliokulia Kongwa, Mpwapwa au Chamwino tumewahi kumwona bibi amekaa mlangoni pa tembe asubuhi, mjukuu akimng'oa nywele za kope kwa kibano. Kibano kinatuliza kwa wiki chache, kisha nywele zinaota upya, fupi na ngumu.

Utabibu wa kigeni uliingia kwetu mapema. Wamisionari wa CMS walifika Mpwapwa miaka ya 1870, na daktari wao, Edward Baxter, alikuwapo huko kuanzia 1878. Mwaka 1927 iliundwa Dayosisi ya Central Tanganyika chini ya Askofu George Chambers kutoka Australia, na hospitali na zahanati za misheni, Mvumi ikiwemo, zikawa tegemeo la watu wengi wa vijijini. Lakini daktari wa misheni alikuwa mtu wa kila kitu: uzazi, malaria, mifupa, meno. Bingwa wa kitu kimoja hakuwepo.

Wazo la kumleta bingwa kwa ndege lilizaliwa katika nchi hii. Mwaka 1957 madaktari watatu wa upasuaji wa kurekebisha viungo waliasisi huduma ambayo leo tunaijua kama Amref. Alikuwapo Michael Wood, Mwingereza aliyekuwa akiishi Afrika Mashariki. Alikuwapo Archibald McIndoe wa New Zealand, aliyepata sifa kwa kuwatengeneza upya nyuso marubani walioungua katika Vita Kuu ya Pili. Wa tatu alikuwa Thomas Rees wa Marekani. Mpango wao waliuzungumza kwenye miteremko ya Kilimanjaro. Hoja yao ilikuwa rahisi: bingwa hawezi kukaa kila hospitali, basi azungushwe kwa ndege, apasue wagonjwa waliokusanywa, aende kwingine. Baadaye kidogo, mwaka 1964, alijiunga nao Anne Spoerry, daktari mwanamke aliyeendesha ndege yake mwenyewe hadi visiwa vya Lamu na kwingineko Kenya, akaitwa Mama Daktari. Msomaji wa Kongwa asidhani visiwa havimhusu. Kijiji chetu wakati wa mvua, korongo likijaa maji, ni kisiwa vilevile, na mama mwenye uchungu ng'ambo ya korongo anajua hivyo.

Ili kuelewa kwa nini ndege ilionekana kuwa jibu, kumbuka hali ilivyokuwa. Hesabu inayotajwa mara kwa mara ni kwamba Tanganyika ilipata uhuru mwaka 1961 ikiwa na madaktari wazalendo 12 tu. Chuo cha udaktari Dar es Salaam kilianza mwaka 1963, na hospitali ya KCMC huko Moshi ilifunguliwa mwaka 1971. Katikati ya hapo nchi iliwategemea sana waganga wasaidizi wa vijijini na madaktari wasaidizi, wale tunaowaita AMO, ambao hawakuwa na shahada lakini walifundishwa kupasua na wakapasua. Jambo hili litatufaa mbele. Amref yenyewe haikuishia kwenye ndege. Kadiri miaka ilivyokwenda ilizidi kuweka nguvu katika kufundisha wahudumu wa afya.

Niingize neno kuhusu karanga. Watu wa Kongwa wana sababu ya kuwatazama wageni kwa jicho la pembeni. Mwaka 1947 Waingereza walileta matrekta na wataalamu kuja kulima karanga, makao yakiwa Kongwa, kwa mpango wa zaidi ya ekari milioni 3 katika Tanganyika nzima. Hawakuwauliza wazee kuhusu mvua wala udongo, ambao ukikauka unakuwa kama sakafu ya saruji. Kufikia 1951 mpango ulikuwa umekufa, na karibu pauni milioni 36 zilikuwa zimekwenda na maji. Kwa hiyo wazee waliposikia miaka ya baadaye kwamba wataalamu wengine wanakuja kuhesabu macho ya watoto, baadhi walicheka. Safari hii, bahati nzuri, mambo yalikuwa tofauti.

Kwanza Mvumi. Kati ya 1975 na 1985 alikaa pale daktari wa macho Mwingereza, Allen Foster. Tofauti yake na bingwa wa ndege ni neno hilo moja: alikaa. Miaka kumi inamtosha mtu kuona mgonjwa akirudi, na kuona mtoto wa mgonjwa akija na tatizo lile lile. Foster aliona kwamba watoto waliokuwa wakipofuka walikuwa wakiletwa na vidonda kwenye kioo cha jicho, mara nyingi baada ya surua. Yeye na Alfred Sommer walichapisha mwaka 1987 uchunguzi wa watoto 130 wa Tanzania wenye vidonda hivyo. Asilimia 37 vilihusiana na surua ya karibuni. Pale macho yote mawili yalipoumia, sababu kubwa ilikuwa upungufu wa vitamini A, na dawa za kienyeji zilizotiwa machoni nazo zilichangia upofu. Yaani bingwa wa kisu alikaa nasi miaka kumi na jibu alilolipata kwa watoto halikuwa kisu. Lilikuwa chanjo ya surua, mboga za majani na vidonge vya vitamini A. Bingwa wa wiki moja angewapasua wazee, akaondoka na picha nzuri, na asingeligundua hilo.

Kisha Kongwa. Katika miaka ya 1980 watafiti wa Chuo Kikuu cha Johns Hopkins, Marekani, wakiongozwa na Sheila West na Hugh Taylor, walianza kazi Kongwa ambayo ilizaa Mradi wa Trakoma Kongwa. Mradi huo ulidumu miongo mingi na uliendeshwa na watu wa hapa hapa. Jina la Harran Mkocha, kwa mfano, limo katika makala nyingi za kitaalamu pamoja na ya hao wageni. Leo mwanafunzi wa macho huko London au Baltimore anaweza asijue Dodoma iko wapi, lakini Kongwa analijua.

Walichokuta kinafaa kusomwa na kila mwanachama. Walitarajia kwamba kaya iliyo mbali na maji ndiyo yenye trakoma zaidi, na umbali ulikuwa na nafasi yake, lakini jambo zito lilikuwa namna kaya inavyoyagawa maji iliyonayo. Kaya moja hubeba ndoo kutoka mbali na bado mtoto ananawa uso. Nyingine iko karibu na kisima na uso wa mtoto una nzi. Walikuta pia kwamba watu wetu waliamini kunawisha nyuso kunamaliza maji mengi. Wakaketi na wanakijiji, wakachukua lita moja tu, wakaanza kunawisha watoto mbele ya watu wote, na nyuso zilizosafishwa zikawa nyingi kuliko mtu yeyote alivyodhani. Uamuzi kuhusu maji haukuwa wa mama peke yake, baba na kijiji walihusika, kwa hiyo mikutano ilifanywa na wote. Baadaye walichukua vijiji sita, vyote vikapewa dawa ya kupaka macho, na vitatu kati yake vikaongezewa kampeni kali ya kunawa uso. Matokeo yalichapishwa mwaka 1995 katika jarida la Lancet: watoto waliodumisha uso safi walipungukiwa na trakoma, hasa ile kali.

Walitaja pia jambo linalotugusa wote tuliolala ndani ya tembe. Wanawake waliokuwa wamelala karibu na moto wa kupikia walikuwa katika hatari zaidi ya kope kujikunja. Sijui ni mzee gani atakayekubali kulala mbali na moto mwezi wa saba Kongwa, lakini ndivyo ilivyo.

Sasa turudi kwenye kisu. Kwa mtu ambaye kope yake imeshajikunja, kunawa uso hakutoshi. Mapema miaka ya 1990, huko Oman, nchi ambayo ndugu zetu wengi wa Zanzibar wana jamaa huko, Mark Reacher na wenzake walilinganisha njia kadhaa za kusawazisha vikope ili kujua ipi inadumu. Iliyoshinda ni ile ya kukata kope kwa upana wake, milimita chache juu ya ukingo, kupita ngozi na ule ugumu wa ndani, kisha kushona nyuzi zinazogeuza ukingo utazame nje. Inafanywa kwa sindano ya ganzi, mgonjwa akiwa macho. Mwaka 1993 Shirika la Afya Duniani lilitoa kitabu cha kufundishia njia hiyo, na waandishi wake walikuwa watatu: Reacher, Huber, na yule yule Allen Foster aliyekuwa Mvumi.

Kitabu hicho kilifungua mlango kwa wasio madaktari. Operesheni hiyo haihitaji darubini ya chumba cha upasuaji wala umeme wa jenereta. Inahitaji meza safi, mwanga, sindano, vifaa vilivyochemshwa ipasavyo na mkono uliofundishwa. Swali likabaki: je, muuguzi anaweza kweli? Ethiopia ilijibu. Utafiti uliochapishwa mwaka 2004 uligawa wagonjwa kwa bahati nasibu kati ya madaktari wa macho na wahudumu wa kawaida waliofundishwa, na matokeo ya wahudumu yakawa hayapungui ya madaktari. Sisi tuliolelewa na AMO hatukushangaa.

Lakini hapa pana jambo ambalo wapenzi wa kambi hawapendi kulisikia, na wapenzi wa wauguzi nao hawalipendi sana. Vikope hurudi. Kwa wagonjwa wasio wachache, ndani ya miezi au mwaka baadhi ya nywele huanza tena kugusa jicho, na tafiti moja baada ya nyingine zimeonyesha kwamba kiasi cha kurudi kinatofautiana sana kati ya mpasuaji mmoja na mwingine. Mwenye mkono mzuri anawaona wagonjwa wake wakiendelea vizuri. Mwenye mkono mbaya, asipofuatwa, anaendelea kukata vibaya mwaka hadi mwaka akidhani anasaidia. Timu inayoondoka Ijumaa haioni matokeo yake. Hata nyuzi, zikiwa za hariri, zinatolewa baada ya wiki moja hivi, wakati wageni wameshafika kwao. Na muuguzi aliyefundishwa mara moja kisha akaachwa bila mkaguzi, huyo naye si jibu.

Jambo la pili liliwaumiza kichwa watu wa mradi pale pale Kongwa. Waliwafuatilia wanawake waliojulikana kuwa na vikope na walioelezwa kwamba operesheni ipo. Miaka ilipita na waliokwenda kupasuliwa walikuwa wachache. Sababu zilizotajwa ni zile unazoweza kuzisikia leo ukiuliza: mbali, nauli, nani atabaki na watoto, nani atapika, naogopa, bado naona kidogo. Kambi inatangaza tarehe moja. Mama ana shamba la uwele linalopaliliwa tarehe hiyo hiyo.

Mwaka 1998 Shirika la Afya Duniani lilipitisha azimio la kuitokomeza trakoma, na mwaka huo huo ukaanzishwa mpango wa kimataifa wa kugawa dawa ya azithromycin inayotolewa bure na kampuni ya Pfizer. Nchi tano zilikuwa za kwanza: Moroko, Ghana, Mali, Vietnam na Tanzania. Dawa ile ilikuja kugawiwa kwetu pia, nyumba kwa nyumba, na kila mzazi anaikumbuka ile fimbo ya kupimia urefu wa mtoto ili kujua kipimo. Mkakati wenyewe ulikuwa na miguu minne: kusawazisha vikope, dawa, kunawa uso na usafi wa mazingira. Moroko ilitangazwa kuwa imemaliza trakoma kama tatizo la afya ya jamii mwaka 2016, Ghana 2018, Mali 2023, Vietnam 2024. Jirani yetu Malawi, ambaye hakuwa katika wale watano wa kwanza, alimaliza 2022. Tanzania bado. Ramani ya ugonjwa imepungua sana, lakini imebaki katika maeneo makavu ya wafugaji na wakulima kama sisi. Kwa eneo ambalo limeifundisha dunia nzima kuhusu trakoma, sioni jambo la aibu kuliko hilo, na silisemi kwa kuwalaumu watu wa afya.

Wageni hawajaacha kuja, na wengine wamekuja vizuri. Hospitali ya Benjamin Mkapa, hapo Dodoma mjini, ilianza kupandikiza figo mwaka 2018 ikishirikiana na Wajapani wa Tokushukai. Kazi ile ilipangwa tangu mwanzo kama mafunzo, Mtanzania akisimama meza moja na Mjapani. Tangu 2024 Serikali nayo imekuwa ikituma madaktari bingwa wa Rais Samia kwenye hospitali za halmashauri kwa siku chache chache, wakiwa na agizo la kuwajengea uwezo wenyeji. Tofauti na 1957, bingwa sasa anaweza kuwa mtoto wa Pandambili aliyekuja kwa basi.

Kwa hiyo maoni yangu, na kamati itaamua, ni kwamba tumekuwa tukiuliza swali moja kwa magonjwa mawili. Mtoto wa jicho anafaa kambi. Operesheni yake inahitaji darubini, lenzi ya kupandikiza na bingwa, ikifanywa vizuri kwa kawaida imekwisha, na mzee aliyeingia akishikwa mkono hutoka akitembea mwenyewe. Kwa huyo, tualike timu, na tusione haya kuomba. Vikope havifai kambi peke yake. Vinataka mtu wa karibu anayepasua wagonjwa wawili wiki hii na watatu wiki ijayo, anayetoa nyuzi mwenyewe, anayemtazama mgonjwa tena baada ya miezi sita, na anayekaguliwa na daktari wa macho wa mkoa.

Ndiyo maana katika fomu ya mchango iliyo mwisho wa kijitabu hiki mtakuta mafungu mawili ya macho. La kwanza ni chakula, malazi na usafiri wa timu ya mtoto wa jicho. La pili ni seti za vifaa vya kusawazisha vikope, nyuzi na ganzi, mafuta ya pikipiki, na posho ya mhudumu wa kijiji atakayepita kaya kwa kaya kuwatafuta akina mama na kurudi kuwaona baada ya kupasuliwa. Fungu la pili halina picha nzuri ya kuweka ukutani. Naomba lisibaki tupu. Na timu yoyote tutakayoialika, katika barua ya mwaliko iandikwe kwamba kila mpasuaji mgeni atafanya kazi na mwenyeji mmoja kando yake, kwamba siku za mwisho mwenyeji ndiye atakayeshika kisu na mgeni ndiye atakayetazama, na kwamba daftari la wagonjwa litabaki hospitalini.

Mwezi wa kumi na mbili wengi wetu tutakwenda nyumbani. Ukifika, mkalishe mama au bibi nje kwenye mwanga wa asubuhi, mwombe atazame chini, kisha inua kidogo ukingo wa kope ya juu. Ukiona nywele hata moja inagusa jicho, au vishina vifupi vilivyong'olewa kwa kibano, usingoje kambi. Mpeleke hospitali ya wilaya siku inayofuata, mlipie nauli, na mwachie mtu wa kubaki na watoto.